Nyuzi za Fundi wa Kwanza

Ukiuliza mjini kwetu fundi cherehani wa kwanza alikuwa nani, utaambiwa ni mume wangu. Hata kibao cha duka kinasema hivyo. Mimi sijui kusoma, lakini nimesomewa na watu watatu kwa nyakati tofauti, na wote walitaja jina lake.

Enzi hizo mtaa wa maduka ulikuwa na milango mitatu: muuza mafuta ya taa, mwoka mikate na sisi. Cherehani nilipewa na mama nilipoolewa. Mume wangu alikaa mlangoni kupokea wateja, kazi aliyoiweza kwa sababu kiti kilikuwa na mto. Mimi nilikaa ndani nikashona.

Wateja wengi waliishi mashambani na walituma kitambaa tu. Kila mmoja alikuwa na uzi wake wa vipimo: fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu urefu wa suruali. Nyuzi zote zilikuwa nyeupe, zikining'inia kwenye msumari mmoja. Nilizijua kwa vidole.

Mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu akaoa mke wa pili, binti aliyesoma.

"Mama watoto," akaniambia, "duka linataka mtu wa kuandika. Wewe pumzika."

"Nilisema lini nimechoka?"

"Pumzika tu."

"Na cherehani yangu?"

"Hiyo ni ya duka."

"Na nyuzi?"

"Za duka pia. Ziache."

Nikaziacha. Uzi upi ni wa nani hakuniuliza, nami sina tabia ya kudakia.

Yeye na mke mpya wakashona kwa kubahatisha. Mwalimu mkuu akapata suruali ya mwenye kinu cha kusaga, mtu mwenye tumbo la kuheshimika. Alisimama mbele ya wanafunzi ameishikilia kwa mkono mmoja, akihimiza nidhamu. Ya mwalimu mkuu ilimfikia mwenye kinu, ikaishia magotini.

Baada ya miezi mitatu vitambaa vikaacha kuja. Mume wangu akaja kwangu na furushi la nyuzi.

"Mama watoto, wa mwalimu mkuu ni upi?"

"Duka halijui?"

"Usinifanyie hivyo, mke wangu."

"Lete cherehani kwanza."

"Watu watasema nini?"

"Watasema suruali zimewatosha."

Aliileta mwenyewe, kichwani, mchana kweupe. Mwoka mikate akamwuliza, "Fundi, unahama?" Akajibu anaipeleka kutengenezwa.

Cherehani iko barazani kwangu hadi leo, na vitambaa vinakuja. Kibao kimebaki kule. Naye bado anakaa chini yake, kwenye mto wake, na mgeni akipita anamsimulia alivyoanza.

Nyuzi zote ninazo isipokuwa uzi wa mume wangu. Huo niliufungua mafundo. Kulikuwa na kifungo kilichohitaji uzi.