Mustari ya Mipasuko

Kisha mina, ile baruti ya kampuni ya kuchimba shaba, kulipuka, mutaa wetu wa Musonoi yote ilinuka kiberiti na udongo mubichi. Vumbi iliingia mu mboga ya sombe, mu nywele, mpaka ukisema meno ilisaga muchanga. Nilikuwa na myaka kenda, na kila nyumba ya avenue yetu ilipasuka. Kampuni ilituma tata mumoja wa ankete, ule uchunguzi wao, apime mipasuko, ili ijulikane kama batatuhamisha ao hapana. Jirani yetu Mama Tshibola njo alikuwa na haraka kuliko bote: yeye na mutoto wake Ngalula, rafiki yangu, balilala chini ya ukuta yenye ilishaanza kuinama.

Mama yangu hakusoma, lakini aliita banamama mu barabara. "Mujipange! Mwenye nyumba yake imepasuka zaidi, mbele. Usibishane na avenue yote, bishana na mwenye kuwa pembeni yako tu."

"Kwangu mukono inaingia."

"Mukono? Kwangu kuku inapita bila kuinama! Rudi nyuma, mama."

Tulicheka sana. Mustari ikaisha kupangwa, Mama Tshibola wa kwanza, na ukiangalia, ilifuata karibu sawasawa nyumba zenye kuwa karibu na shimo ya kampuni mpaka zenye kuwa mbali. Hata mutoto alielewa nani anatupasulia nyumba.

Tata ya ankete akasema, "Mama, hii haiko hesabu." Akapima kila mupasuko, akajumlisha, akagawanya. Kule mbali nyumba zilikuwa mingi, mipasuko yao kama uzi. Zilimeza zile nyumba tatu za karibu na shimo, zenye zilipasuka mubaya zaidi. Moyenne, ule wastani wa mipasuko yote, ikatoka: upana ya kidole. Kampuni ikajibu kidole haiko hatari, mungojee.

Mvula ya kwanza, saa sita ya muchana, ukuta ikaangukia Ngalula. Tulimutoa na mikono. Alishakufa.

Nilijifundisha hesabu mi mwenyewe, mu kitabu yenye haina jalada. Siku moja nikasoma kama iko njia zenye hazijali sentimita: zinauliza tu nani anazidi nani, kisha zinalinganisha mupango moja na ingine, kama ule wa mipasuko na ule wa umbali na shimo. Ile ya mama! Nikatupa kitabu ku ukuta, nikalia kwa hasira. Sasa ninafanya ankete mi pia, na bakubwa bakiniletea moyenne, ninabauliza: hiyo moyenne inalala mu nyumba gani?

Avenue yetu, shimo ilishaimeza. Mama Tshibola balimupa nyumba ya simenti, vyumba mbili, ukuta haina mupasuko hata moja. Anatumia chumba moja.