Alamelu Alipoyumbisha Kichwa

Kila siku saa sita na nusu mchana mimi huvua viatu kwenye baraza ya Alamelu, mtaa wa nyuma ya bwawa la hekalu hapa Kumbakonam, kusini mwa India, nikaingia kula. Nimefanya hivyo kwa miaka ishirini na mitatu, tangu mke wangu afariki. Huwa tuko wanane au tisa: makarani wawili wa mahakama, muuza vyombo vya shaba, mimi mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na yeyote mwingine ambaye Alamelu amemkubali. Hakubali kila mtu. Mume wake alikuwa mpishi wa harusi, na alipokufa alimwachia masufuria makubwa na mkono unaojua chumvi bila kuonja. Basi akawa anapika, nasi tunalipa kila mwisho wa mwezi, lakini ukithubutu kuiita nyumba yake hoteli utakula kwingine.

Ni mwanamke mfupi, mwenye vipini pande zote mbili za pua, na maneno yake ni ya kubana. Nusu ya mambo yake huyasema kwa kichwa na vidole. Sisi wateja wake tumezoea, hata hatuoni.

Halina alikuja Desemba mwaka juzi. Alitoka Poland, muuguzi wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mabega yaliyoungua jua. Alikusudia kuona mahekalu kwa siku tatu. Akapanga chumba cha juu kwa Alamelu, akakaa miezi minne. Hakujua Kitamil, na Kiingereza cha Alamelu kilikuwa "kuja", "kula" na "ngoja". Mimi nikawa mdomo wa wote wawili.

Siku yake ya tatu aliomba aongezewe wali. Alamelu akakiyumbisha kichwa, sikio hili likielekea bega hili, lile likielekea lile, akaenda zake jikoni.

"Mwalimu," Halina akaninong'oneza, "ananikatalia au ananikubalia?"

"Huko ndiko kukubali kwetu," nikamwambia. "Ukiona kichwa kinayumba hivyo, jua ni ndiyo."

Nilikuwa na njaa, sikutaka somo refu. Nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na miwili, na sidhani kama nimewahi kutoa jibu bovu kuliko lile.

Alilishika. Akawa anauliza na kusoma vichwa vya watu mji mzima: dereva wa bajaji, muuza maua, fundi cherehani. Mara nyingi alipatia. Na alijifunza haraka mambo mengine. Alijua kutokupa kitu kwa mkono wa kushoto. Mguu wake ukigusa kitabu kwa bahati mbaya, aliinama akakigusa kwa vidole, kisha akavipeleka machoni kuomba radhi. Kitu kimoja tu kilimshinda, kuacha kusema asante. Alikuwa akishukuru kwa kila kijiko.

"Mwambie aache," Alamelu aliniambia siku moja kwa hasira. "Kwani mimi mtu baki? Anashukuru kama niko nyuma ya kaunta!"

Nilipomtafsiria, Halina aliona haya, akasema asante.

Sasa, ukutani mwa chumba tunacholia kuna picha ya wasichana wawili wenye nywele zilizosukwa na maua, mmoja ameshika mkono wa mwingine. Mwezi wa pili hivi, tulipokuwa tumemaliza kula na wengine wameondoka, Halina aliisogelea.

"Hawa ni nani?"

"Huyu mimi," akasema Alamelu, akichambua mchele kwenye ungo. "Huyu Visalakshi. Mdogo wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko Mannargudi. Nyumba ya kona, karibu na bwawa kubwa."

"Mbona hajawahi kuja?"

Nilisita kutafsiri, lakini Alamelu alikuwa ameshaelewa. Alijibu, macho yakiwa kwenye mchele. Mama yao alifia humu ndani, mwezi wa tano, joto kali. Alamelu alimpa mtu anayesafiri ujumbe aupeleke Mannargudi, na mtu yule akapitia kwingine kwanza. Visalakshi alipofika, maiti ya mama ilikuwa imeshachomwa jana yake, kama ilivyo desturi. Alisimama mlangoni mbele ya waombolezaji wote akasema, "Umenificha kifo cha mama ili uwe mtoto wake peke yako." Kisha akageuka, hakula hata tonge, akarudi kituo cha basi. Miaka kumi na tisa sasa.

Halina aliitazama tena picha. Halafu akasema, "Mwalimu, muulize kama angependa nikamlete."

Nikauliza. Alamelu akakiyumbisha kichwa polepole, mara mbili, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mimi niliuona ule myumbo, na niliujua. Ulikuwa ule wa mtu anayesema nimekusikia, sasa tuache. Lakini nilinyanyuka nikatafuta viatu vyangu, kwani niliona jambo limekwisha. Maneno yote niliyatafsiri. Kichwa sikukitafsiri.

Siku tatu baadaye, jani la Halina, maana kwetu jani la mgomba ndilo sahani, lilikuwa halijatandikwa. "Katoka na basi la asubuhi," Alamelu akasema, bila wasiwasi. Tukaketi chini mstari mmoja, majani ya mgomba mbele yetu, na wali ulikuwa umeshaanza kumwagiwa mchuzi wa dengu, tuliposikia bajaji inasimama nje.

Halina aliingia kwanza, uso umeiva kwa furaha. Nyuma yake alisimama mwanamke wa sari ya kahawia, nywele nyeupe, kikapu cha maua ya asmini mkononi. Vipini vyake pia vilikuwa pande zote mbili. Sikuhitaji kuambiwa.

Alamelu alikuwa katikati ya chumba, ndoo ya mchuzi mkono mmoja, upawa mkono mwingine.

"Dada," akasema yule mwanamke kutoka kizingitini. "Nimesikia umeniita."

Karani mmoja aliacha kutafuna. Alamelu alimtazama Halina, kisha akanitazama mimi, na nikatamani sakafu inimeze. Kama angesema, "Nani kakuita?", ingekuwa mwisho, na kila mmoja wetu pale alijua hivyo. Visalakshi naye alikuwa ameanza kuona kitu usoni mwa dada yake. Mkono wake ulikwenda kwenye mlango.

"Jua kali," Alamelu akasema. "Nawa mikono."

Akatandika jani mwisho wa mstari, akalinyunyizia maji mwenyewe. Visalakshi akaketi. Akapakuliwa achari ya embe, mboga mbili, wali, mchuzi, samli. Alipofikiwa mara ya pili alitandaza kiganja juu ya jani.

"Imetosha, dada."

Mgeni akifunika jani hivyo, Alamelu hupita. Safari hii hakupita. Aliinua upawa akangoja juu ya kile kiganja, akangoja, mpaka kikaondoka, akamwaga.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umenenepa."

"Napika. Wewe unakula nini huko?"

"Anapika mkwe wangu."

"Ndiyo maana."

Muuza shaba alicheka puani, akajikausha. Nikaanza kupumua. Nikadhani tumevuka.

Kwetu, ukimaliza kula unalikunja jani lako mwenyewe. Unalikunja kuelekea upande wako, na mwenye nyumba akiona anajua umeshiba na utarudi. Ni kwenye nyumba ya msiba tu ndipo unalikunja kwa kulipeleka mbali nawe, maana hakuna anayetaka kurudi kula chakula cha namna ile. Hata mtoto wa miaka mitano anajua.

Visalakshi alimaliza mtindi wake. Akakaa na jani lake kitambo. Kisha akalishika ukingo wa upande wake, akalikunja kwenda mbali.

Karani aliita jina la Mungu. Kufanya vile katika nyumba isiyo na msiba, mchana kweupe, ni kuiombea balaa. Mimi mwenyewe nilipandwa na hasira, nikasema moyoni, kumbe amekuja kutukana tu.

Alamelu hakukasirika. Aliweka ndoo chini. Alilitazama lile jani, kisha akaketi sakafuni, pale pale penye maji na punje za wali, akalia kwa sauti. Ndipo nami nikaelewa. Chakula cha msiba wa mama yao Visalakshi hakuwahi kukila. Alikuwa amekila sasa.

"Nilituma mtu," Alamelu akasema katikati ya kilio. "Visalam, nilituma mtu."

"Najua," akasema mdogo wake. "Alikuja kwangu mwaka uliofuata, akanieleza mwenyewe. Nikaona aibu kurudi. Aibu ikawa mazoea."

Tuliondoka mmoja mmoja, hata kunawa tulinawia nje. Halina alinifuata barazani, amepauka.

"Nimefanya nini, mwalimu? Kule mkwe wake alinitafsiria, nikasema dada yake anamwita. Kwani hakusema ndiyo?"

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza kikamilifu, kwamba kile kichwa hubeba ndiyo, na pengine, na nimesikia, na tuone, na niache. Na kwamba huwezi kukisoma kichwa bila kuyasoma macho, na siku ile macho yalikuwa kwenye mchele. Alikaa kwenye ngazi akajishika uso. Sikumwacha ajilaumu. Nilimwambia kosa ni langu, na ndivyo ilivyo.

Alamelu hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimwekea kahawa mlangoni mwa chumba cha juu, na Halina akainywa bila kushukuru.

Wiki ile ile nilimkuta Alamelu peke yake, akikausha pilipili juani.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo," akasema. "Siku ile kichwa changu kilisemaje?"

"Kilisema tuache."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nayo."

Alizigeuza pilipili zake, upande huu, upande ule. "Mimi sina," akasema. "Nimejaribu kukumbuka. Nilikuwa nasikia tu yule binti anasema jina la mdogo wangu, vibaya, kama mtu anayeuma karoti. Miaka hiyo yote hakuna aliyelitaja humu ndani. Kichwa kikaenda chenyewe."

Nikainama nikamsaidia kuzigeuza. Halina aliondoka mwezi wa nne, joto lilipomshinda, na huandika mara moja moja. Barua zake namsomea Alamelu kwa sauti. Visalakshi huja kila mwezi mwandamo, siku ya kuwatolea marehemu wali na ufuta. Haketi mstarini nasi. Hula jikoni na dada yake baada ya sisi sote kumaliza, mlango umerudishwa, na tukiwa barazani tunavaa viatu tunawasikia wakigombana juu ya chumvi ya achari.