Niliilaumu jeki wiki nzima: nilivyotengeneza meza ya ruta hapa Kisangani

Wakuu, salaam kutoka Kisangani.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Hakuna chai hapa. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga, maana mke wangu anasoma humu na nikipindisha atanisahihisha mbele yenu.

Mimi ni fundi seremala, niko mtaa wa Kabondo. Kiswahili changu kikinukia Kongo, vumilieni.

Mwaka jana nilianguka kwenye toleka, zile baiskeli za abiria za huku kwetu. Si lori, si pikipiki. Baiskeli! Aliyekuwa ananiendesha aliinuka akajifuta magoti, mimi nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Mfupa uliunga. Nguvu ya kushika ndiyo haikurudi.

Nikawa naweza kula, kuandika, hata kusukuma randa kidogo. Kushika ruta, hapana. Kwa asiyeijua, ruta ni mashine ya mkono inayozungusha kisu kwa kasi kubwa, ndiyo inachimba mifuo na kuchonga kingo za mbao. Inataka mikono miwili yenye nguvu. Ukilegea inakimbia na kazi yako, au na vidole vyako.

Mara mbili ilinichomoka. Mara ya pili ilipita karibu na goti. Niliizima, nikakaa chini kwenye vumbi la mbao, na siwafichi wakuu, nililia.

Mke wangu, mama Neema, aliona yote. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani hatua tatu kutoka kwenye kazi zangu. Kesho yake akampigia simu kaka yake.

Huyo semeki wangu, yaani shemeji, ana depo Ubundu. Mizigo ikishuka kwenye treni anaipokea na kuipakia kwenye mitumbwi. Alikuwa anatafuta mtu wa kuaminika wa kusimamia. Akasema mwisho wa mwezi anakuja Kisangani, akirudi Ubundu niende naye.

Mama Neema akaanza kunishonea mfuko wa safari, wa kaki, wenye mikanda miwili.

Kazi ya depo si aibu, nisieleweke vibaya. Ila mimi nimekuwa seremala tangu nina ndevu tatu. Kila nikiuona ule mfuko nilikuwa nageuzia kiti changu upande wa pili.

Nikiwa na oda moja tu mkononi, milango miwili ya sakristia, chumba cha padre kuvalia, kwenye parokia yetu, nikajiwekea sharti. Nikiitoa milango hii kwa mkono huu huu, nabaki. Nikishindwa, naenda Ubundu na sitanung'unika.

Sasa, video za mafundi wa nje zilinionyesha njia. Unaigeuza ruta kichwa chini, unaifunga ndani ya meza, kisu kinachungulia juu kwenye tundu. Wewe unasukuma ubao tu. Mashine haikukimbii kwa sababu haishikwi na mtu.

Tatizo ni kuipandisha na kuishusha ili kupata kina unachotaka. Wenzetu wana kifaa maalumu cha kuinulia kinachouzwa tayari. Huku hakipo, na kukiagiza ni hadithi ndefu.

Nikatumia jeki ya gari, ile ya kukunja kama mkasi.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea mabomba mawili yaliyosimama kwenye miguu ya meza, ruta inateleza juu yake, jeki inaisukuma kutoka chini. Nikazungusha mpini mara ya kwanza, kisu kikapanda taratibu kwenye tundu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ubao wa juu wa meza ndio niliouonea fahari zaidi. Kambala, ndiyo mvule wenu, wakuu! Mbao tatu fupi nene nilizounganisha ubavu kwa ubavu, zimetoka barabara ya Bengamisa wiki ileile, bado zinanukia msitu. Seremala wa Kisangani hawezi kujitengenezea meza ya triplex, ile mnayoiita plaiwudi. Watu watapita barazani waulize kama miti imeisha.

Shikeni hapo kwenye "wiki ileile".

Asubuhi ya kwanza umeme ukaja mapema. Nilipima kina cha milimita kumi na mbili, nikachimba mfuo kwenye kipande cha majaribio. Kumi na mbili kamili. Nikachimba nguzo ya kwanza ya mlango, safi kabisa, mkono haujauma.

Saa tisa alasiri nikachimba ya pili. Kumi.

Milimita mbili mtaziona ndogo. Lakini paneli ya mlango inakaa ndani ya ule mfuo. Ukipungua kina, paneli inagonga mwisho kabla ya wakati, na pembe za fremu zinabaki wazi. Mlango wa namna hiyo haufungi.

Nikasema jeki inashuka. Mtetemo wa mashine unairudisha chini. Nikaongeza bolti ya kuifunga ikae. Alasiri ya kesho yake, kumi na nusu.

Nikagundua pia kwamba hesi za skrubu ya jeki zina ulegevu. Ukishusha na kuishia hapo, inabaki inacheza. Kwa hiyo ukitaka kina fulani, shuka zaidi ya hapo kwanza, kisha panda hadi kwenye kipimo, ndipo ufunge. Hili ni la kweli na liwasaidie. Lakini halikuwa ugonjwa wenyewe, maana alasiri ilipofika mfuo ukapungua tena.

Nikarudi kwa fundi wa kuchomelea nikamsema vibaya. Maskini, akaimarisha mabomba bure.

Wiki nzima ilienda hivyo. Asubuhi nzuri, alasiri mbaya. Nguzo tatu zikaharibika. Mfuko wa kaki ukawekewa zipu.

Siku mbili kabla ya semeki kufika, umeme ulikatika mchana. Nikalala kwenye kiti na hasira zangu. Mama Neema akaona meza yangu iko tupu, akaleta kitambaa chake akikate pale. Akatandika, akaweka ile rula yake ndefu ya chuma kutoka kushoto hadi kulia, akapiga chaki. Katikati chaki haikuandika, kitambaa kilikuwa kinabonyea.

Akatoa kitambaa, akaweka rula kwenye ubao mtupu, akainama kwa muda.

"Papa Neema, kuya uone. Lumière inapita chini ya règle."

Nikainama pale alipoinama. Chini ya rula, katikati, mwanga ulikuwa unapita bila shida.

"Cric haina kosa," akasema, akiionyesha jeki. "Iko meza yako njo inajikunja."

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze.

Kambala mbichi! Jua la mchana linapiga barazani, upande wa juu unakauka na kusinyaa, kingo za kushoto na kulia zinanyanyuka. Nguzo ya mlango inakalia kingo, inapita juu kama daraja, kisu kinaifikia kidogo tu. Usiku unyevu unarudi, ubao unanyooka, asubuhi kila kitu ni kizuri. Jeki haikusogea hata siku moja.

Na mimi ndiye ninayewafokea wateja kila siku kwamba mbao lazima zikae miezi zikauke kwanza. Yangu sikuipa hata siku nne.

Niling'oa ule ubao siku ileile. Nikagundisha triplex mbili nene mgongo kwa mgongo, juu nikabandika formika ya meza kuukuu ya jikoni. Nikapima kwa rula ya mama Neema, nikaichomoa ruta kwenye umeme kabla ya kugusa kisu, nikashusha, nikapanda, nikafunga.

Asubuhi kumi na mbili. Saa tisa alasiri, jua kali, kumi na mbili.

Nilipima mara nne. Mama Neema alipima ya tano.

Semeki alifika na kofia yake, akakuta mlango mmoja umesimama ukutani na wa pili uko kwenye vibano. Akanipa mkono, akanisifu, halafu akaingia kwenye lililomleta.

"Bon, semeki, treni inarudia Jumatano. Unakuya ao apana?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanitangulia kumjibu yaya, yaani kaka yake, mguu bado uko kwenye kanyagio la cherehani.

"Yaya, utarudia peke yako. Uyu iko na kazi."

Semeki akanitazama mimi, akautazama mlango, akaomba maji ya kunywa. Hakukasirika.

Alipoondoka, mama Neema akachukua ule mfuko. Akafumua mikanda, akatoboa matundu manne ya kamba mdomoni, akanirushia.

"Funga apo chini ya mashine. Vumbi yako inanichafulia bitambaa."

Uko hapo mpaka leo, unajaa unga wa mbao kila siku. Zipu ndiyo naifungua nikitaka kuumwaga.

Mkono bado hauinui ndoo ya maji. Milango ya sakristia inafungwa kwa kidole kimoja.

Nilichojifunza: kabla hujalaumu kifaa kinachopanda na kushuka, kagua kwanza kile unachodhani kimetulia. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye rula, mpe nafasi mezani.

Mafundi mliowahi kutumia jeki kwa kazi hii, mpini mliuweka upande gani? Wangu nauzungusha nikiwa nimepiga magoti, na magoti nayo yameanza kulalamika. Na wa kunicheka kuhusu triplex karibuni pia, nimeshazoea wapita njia.