Mbio Bila Msiba

Juzi asubuhi, kwenye njia kali ya kupanda kilima cha Kadutu, nilimwona maman mmoja mnene akikimbia na viatu vipya vyeupe. Muuza makala, yale makaa ya kupikia, aliacha gunia lake, akamkatia njia.

"Maman, nani amekufa?"

Maman hakuwa na pumzi ya kujibu. Alipunga mkono tu, kama kusema niache. Muuza makala akaelewa vingine. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaza kitenge kiunoni, akaanza kukimbia naye huku analia. Wauza ndizi wawili wakafuata. Walipofika juu ndipo sauti ikamrudia maman.

"Hakuna mutu amekufa! Iko sport. Munganga wa hospitali aliniambia nianze."

Muuza makala akakaa chini, akacheka huku machozi hayajakauka. "Aksanti Mungu! Kumbe nimelia mutu mwenye hakufa!"

Mjini kwetu mtu mzima akikimbia, tunatafuta msiba kwanza, sababu baadaye. Leo maman amepita tena. Muuza makala aliinuka, akapaza sauti kilima kizima kisikie:

"Musilie! Kwao wote wako wazima!"