Jangili wa Taasisi

Kazi ya Zadock Wesonga ilikuwa kukamatwa. Watu wengine wa Kangemi walitoka asubuhi kwenda kuchanganya saruji, kuuza sukuma wiki au kulinda malango ya matajiri. Wesonga alitoka kwenda kufungwa pingu. Na hakuifanya kazi hiyo kwa kubabaisha. Aliifanya kwa moyo wote, hata watoto wa ploti yao wakamwita Poacha, yaani jangili, naye akawa anaitika.

Ilianza kwa bahati tu. Alikuwa kibarua wa mjengo kwenye taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyojificha msituni, nyuma ya Dagoretti, akisukuma toroli la mawe ya madarasa mapya. Makurutu waliokuja kusomea ulinzi wa wanyama walihitaji mtu wa kufukuza porini, na aliyekodishwa kutoka mjini hakutokea. Mkufunzi wao, Afande Mungai, mzee wa doria mwenye kovu la mshale begani, akamtupia macho yule mwenye toroli.

"Wewe, unaweza kukimbia?"

Wesonga akasema anaweza. Hakuulizwa kama anaweza kupigwa.

Basi tangu siku hiyo, kila kozi ilipofika zamu ya mazoezi, Wesonga alivaa koti chakavu la mitumba ya Gikomba, akatundika vitanzi vya waya begani, akashika panga na gunia la nyama ya mbuzi iliyojifanya nyama ya swara, akaingia msituni. Makurutu wakamfuata kwa nyayo. Wakimpata, walimfanyia yale ambayo binadamu humfanyia binadamu mwenzake akiruhusiwa. Magoti mgongoni, mkono uliopindwa mpaka bega lilie, buti kwenye mbavu wakati Afande anatazama kwingine. Kofi la mafunzo ni kofi tu. Jino lake moja lilibaki kwenye mizizi ya mti na hakuna aliyelitafuta.

Mungai alikuwa na sheria moja: jangili hakiri kuwa ni mchezo mpaka filimbi ilie. "Jangili akilia 'jamani ni mchezo', kurutu atakuwa amejifunza nini?" Wesonga aliishika sheria hiyo kama Amri za Mungu. Hata alipozamishwa kichwa mtoni hakuwahi kusema kwamba ni mchezo, na jambo hilo lilimpa fahari ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuielewa.

Mkewe Nakhumicha, muuza dagaa wa omena sokoni Kangemi, hakuielewa. Jioni alimkanda kwa maji moto na chumvi, akisonya.

"Baba Veronicah, mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Ni kazi, mama."

"Kazi ya kupigwa? Hata punda hupigwa akiwa amebeba kitu."

Lakini Wesonga alikuwa na siri tamu. Mungai alikuwa amemwahidi ajira ya kudumu: gwanda la Taasisi, kofia, jina lake kifuani. "Kozi hii ya Julai wakubwa watakuja kuangalia. Nionyeshe jangili hasa, nami nitakusemea." Kwa mtu aliyeitwa kibarua tangu atoke Bungoma, jina kifuani ni kitu kikubwa.

Ni lazima kueleza na ufundi mwingine wa Mungai, kwa sababu ndio uliozaa balaa. Mzee yule alipenda kuwashtua makurutu. Wakiwa katikati ya msako, wangekuta akina mama wanagaragara wakilia kwamba waume zao wameonewa. Akina mama hao ni wanakwaya waliokodishwa Kawangware. Mara nyingine ni mlevi, mara nyingine ni chifu wa bandia anayetaka chai. Watu hao Mungai aliwaita "jamii". Na fundisho lake lilikuwa hili: ukikuta jamii imechemka, usijitose. Chuchumaa, tazama, elewa kwanza. Makurutu wakazoea kwamba nyuma ya kila kichaka kuna mwigizaji.

Asubuhi ile ya Julai, mwaka 2006, ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Mungai alichora ubaoni: msitu huu, mto huu, ng'ambo ni Mutuini na mashamba yake. Kurutu mmoja, binti wa Nyeri aitwaye Nyawira, akainua mkono.

"Afande, hao watu wa ng'ambo wameambiwa?"

Mungai akacheka. "Ukiwaambia majirani, jangili atakuwa na shangazi kila boma. Huo ni msako ama ni ziara?"

Darasa zima likaangua kicheko, na Wesonga, aliyekaa nyuma na koti lake, akacheka kuliko wote. Ubavuni mwa ubao kulikuwa na mpango mkubwa wa rangi wa miaka mitano, wa ujirani mwema kati ya Taasisi na Mutuini. Hakuna aliyegeuka kuutazama.

Ambalo Taasisi haikujua ni kwamba Mutuini wiki hiyo haikuwa ikilala. Wezi walikuwa wakiingia mabandani, wanachinja mbuzi papo hapo, wanaondoka na nyama na kuacha vichwa. Ndegwa, mwenye shamba la kando ya mto na nyumba za kupangisha, aliamka akakuta kichwa cha mbuzi wake mwenye mimba kimechomekwa kwenye mti wa ua, na vitoto viwili ambavyo havijazaliwa vimetupwa kwenye majivu. Mkewe alilia siku nzima. Wanaume wa mtaa walikaa wakaapa, na kiapo cha watu wenye hasira hakihitaji shahidi.

Wesonga alikimbia vizuri kuliko siku zote. Alitaka wakubwa waone. Alivuka mto, akapanda ukingo, akatokea kwenye majani ya ng'ombe ya Ndegwa, panga mkononi, gunia likimchuruzikia damu mgongoni. Mama mzee alikuwa anakata majani pale. Wesonga, mtu wa adabu zake, akavua kofia.

"Habari ya asubuhi, mama."

Mama akapiga ukemi uliosikika hadi barabarani.

Walitoka kila upande. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni, la pili mdomoni. Na hapa ndipo moyo unapouma ukikumbuka: Wesonga alifurahi. Aliona ni jamii ya Mungai, imekodishwa kwa ajili ya wakubwa, na safari hii mzee amejitahidi kweli, wametoka wengi! Basi akakaza uso, akalikumbatia gunia na kupaza sauti yake ya ujangili, ile aliyoizoea.

"Nyama ni yangu! Nimechinja mimi! Mtanifanya nini?"

"Ati amechinja yeye!" mtu akasema. "Mmesikia? Amesema mwenyewe!"

Ndegwa, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, alisogea mbele. Aliinua mpini wa jembe kwa mikono miwili akaushusha kwenye mkono wa Wesonga uliokuwa umekumbatia gunia. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Wesonga akautazama mkono wake ukining'inia, akamtazama yule mwanamume, akaona macho ambayo hakuna mtu duniani angeweza kuyakodisha.

"Ngojeni! Ni mchezo! Ni mafunzo! Mimi ni jangili wa mafunzo!"

"Mafunzo gani? Unafunza wizi?"

"Na hata si wa huku, skia vile anaongea!"

Wakamwangusha. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hao hawakuwahi kushikwa Mutuini na gunia la nyama. Wengi walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa bapa la panga na baadaye si kwa bapa. Kijana aliyekuwa anaelekea kazini aliweka mfuko wake chini, akampiga mateke ya kutosha, akauchukua mfuko na kuendelea na safari. Yule mama mzee wa majani alimtemea mate, kisha akatafuta jiwe. Teke moja liliingia kwenye jicho la kushoto, na mwanga wa upande huo ukazimika moja kwa moja.

Kwa jicho lililobaki aliwaona makurutu. Walikuwa wamefika kwenye ua na bunduki zao za mbao, wamechuchumaa kwa mstari mzuri, wanatazama. Wanaelewa kwanza.

"Nisaidieni! Ni mimi, Wesonga! Si mchezo!"

"Mzee leo ako moto," kurutu mmoja akanong'ona, akitabasamu. Mwingine akasema damu ile lazima ni ya gunia.

Mtu alishusha gurudumu kuukuu lililokuwa limekandamiza mabati ya paa. Likapita juu ya vichwa vya watu mkono kwa mkono, likavishwa shingoni kwa Wesonga. Mwingine akaleta mafuta ya taa. Yalipommwagikia kwenye majeraha alipiga ukelele usio na maneno, kisha maneno yakarudi.

"Ni mchezo, jamani! Ni mchezo tu! Mwambieni Afande apige filimbi!"

Nyawira akasimama. Jangili hakiri. Jangili huyu, ambaye hata akizama mtoni hakiri, alikuwa anakiri kwa sauti ya mtoto.

"Huyu hachezi," akasema, na akaruka ua.

Aliingia kwenye lile kundi kwa kitako cha bunduki ya mbao. Alivunja pua ya mtu, akavunja na bunduki yenyewe, akaendelea na kipande kilichobaki. Wenzake wakamfuata wakipiga kelele, na kwa muda hakuna aliyejua nani anampiga nani. Nyawira alimlalia Wesonga mwili mzima, na mgongo wake ukapokea mawe yaliyokuwa ya mwingine. Juu yao alisimama Ndegwa na kiberiti. Njiti ya kwanza ilikataa kwa sababu ya unyevu. Alikuwa ametoa ya pili Landrova ya Mungai ilipopasua ua, honi ikilia, na Mungai mwenyewe akiwa amening'inia mlangoni akipuliza filimbi. Aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mutuini hakuna aliyejua maana yake, bali waliijua Landrova, wakatawanyika. Baada ya dakika chache hapakuwa na mtu, na polisi walipouliza, ikawa hapajawahi kuwa na mtu.

Wesonga alitoka hospitali akiwa na jicho moja na mkono uliopona ukiwa umepinda. Ajira aliipata, gwanda na jina kifuani, na kiti pale langoni. Taasisi ilifanya vikao, ikachora mpango mpya wa ujirani, mzuri zaidi ya ule wa kwanza. Vijana na wazee wa Mutuini wangefunzwa kuwa walinzi wa msitu. Na ikawekwa sheria mpya: mshukiwa akikamatwa, kabla ya kuguswa, aulizwe jina lake.

Siku moja Mungai alikuja langoni, kofia mkononi. "Wesonga, ndugu yangu. Mara moja tu. Hawa wa sasa ni majirani, hawatakugusa hata kidole."

Wesonga alikuwa amekwisha kuwaona wakipita langoni asubuhi. Akasema atakwenda.

Nyumbani alimweleza mkewe. Nakhumicha hakusonya safari hii. Alichambua omena, akitupa mchanga pembeni.

"Yule wa mpini wa jembe yuko?"

"Yuko. Amepewa gwanda jipya."

"Basi nenda," akasema. "Lakini safari hii, Baba Veronicah, ubebe kitu."

Alichobeba hakikuonekana. Kesho yake alivaa koti lile, lililofuliwa lakini bado likinuka mafuta ya taa, akaingia msituni na hakukimbia. Aliketi juu ya gogo akawangoja. Walinzi wapya walimzunguka, nyuma yao wanafunzi wengine na wageni wa Taasisi wakitazama, na zamu ya kukamata ikawa ya mwanamume mfupi ambaye leo hakuwa na kofia ya sufu. Ndegwa alipiga hatua mbili, akauona uso ule wa jicho moja, akasimama. Akamtazama Mungai, Mungai akatazama chini. Basi akasema alichofundishwa.

"Unaitwa nani?"

Wesonga alimpiga ngumi ya mdomo. Katika miaka yote ya kukamatwa hakuwahi kurudisha hata kibao, na sasa mkono wake mzima ulikuwa na deni la mwili mzima. Akampiga ya pili, puani, akasikia kitu kikivunjika na akaona ni vizuri. Akampiga ya tatu. Ndegwa alipepesuka, akarudi akasimama pale pale, mikono chini, hakujikinga. Alikuwa analia.

Nyuma yao watu walikuwa wanashangilia. "Huyo jangili ni noma!" mtu akasema. "Angalia hiyo damu, inakaa ya ukweli!" Mgeni mmoja akapiga picha. Mungai alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuipuliza.

Wesonga alishusha mkono, akihema.

"Zadock Wesonga," akasema. "Mume wa Nakhumicha, baba yake Veronicah. Uliza tena."

Ndegwa, damu ikimtiririkia kwenye kola mpya, akauliza tena.