Amri Haina Jina la Pili

Katika kanisa letu pale Kibomet, mtu haulizwi kama anataka kazi. Anatajwa, anaitwa mbele, anawekewa mikono kichwani na kuombewa, na akifungua macho kazi tayari ni yake. Nimeona mzee mmoja akifanywa mwenyekiti wa kwaya ilhali alikuwa amekuja tu kusikiliza matangazo ya mazishi. Kukataa baada ya kuombewa ni kama kumwambia Mungu kwamba amekosea mlango, na sijui mtu yeyote Kitale mwenye ujasiri huo.

Mimi nilitajwa Jumapili moja ya baridi, nikiwa kidato cha tatu. Kijana aliyekuwa kamanda wa kadeti wa kanisa, kile kikosi cha watoto wa gwaride, alikuwa anaenda chuo kikuu, na gwaride la vikosi vya kadeti kutoka makanisa yote ya eneo letu lilikuwa linakuja, safari hii Bungoma. Mchungaji alihubiri jinsi Mungu anavyopenda kuwatumia watu dhaifu. Alipomaliza akaangaza macho kwenye viti akitafuta mdhaifu wa kutosha. Nilijua atanichagua hata kabla hajafika safu yetu, kwa sababu udhaifu wangu ulijulikana na kila mtu. Nina kigugumizi.

Si kile kigugumizi cha kurudiarudia tu ambacho watu huiga wakitaka kuchekesha. Changu hufunga. Neno linakuja vizuri, linafika kwenye meno, halafu mlango unafungwa na neno linabaki ndani na mimi. Herufi S mwanzoni mwa neno ndiyo mbaya zaidi. Nilikuwa nimejifunza kuikwepa. Sabuni niliiita ya kufulia, sokoni nilisema kule mama anauza, na mwalimu wa hesabu akiuliza jibu, kama ni sita au saba, nilisema sijaelewa. Hata hiyo "sijaelewa" niliisema kwa kutikisa kichwa. Nikitumwa sukari nilirudi na chumvi, nikaonyesha kwa mikono kwamba sukari imeisha dukani. Nyumbani tulikuwa na chumvi ya kulambisha ng'ombe wa kata nzima.

Na nikikwama mbele ya watu, watu wananimalizia. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma zaidi. Nikisema "nataka ku...", mmoja anasema kula, mwingine kulala, mwingine kuenda choo, kama mchezo wa redio, na mimi naishia kuchagua jibu lililo karibu na ninachotaka. Nimewahi kula chakula nisichokitaka kwa sababu ya uvivu wa kupinga. Mama ndiye alikuwa bingwa wao. Alinimalizia kwa upendo, haraka haraka, ili watu wasipate muda wa kunitazama.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyewekewa mikono kichwani awe mtu wa kupiga kelele uwanjani. Mikono ilikuwa mingi na mizito. Nilifumba macho nikawaza kwamba nikianguka pale chini watasema ni Roho.

Usiku ule nilimwambia mama aende kwa mchungaji anitoe. Ilinichukua muda, lakini ombi hilo hakunimalizia, na hilo pekee lilinitisha. Alikuwa ameshika kitambaa cha kaki, tayari ameshakata mikono ya shati.

"Mami, umeombewa," akasema, vile anavyoniita mimi binti yake.

"Mimi si... si..."

"Si wewe wa kwanza kuogopa. Ati nirudishe maombi ya watu? Nianzie wapi?" Halafu akainamisha kichwa kwenye kitambaa, na kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake akasema, "Mimi nilikuwa nimechoka kuomba peke yangu, bana. Sasa kanisa yote inaomba. Wacha tuone."

Ndipo nikaelewa kwamba nimefungiwa ndani kabisa. Mchungaji ningeweza kumkimbia. Mama alikuwa anangoja nipone, na alikuwa amengoja tangu nilipoanza kuongea. Nikishindwa Bungoma, mbele ya watu wote hao, ni yeye nitakayemvunja moyo.

Aliyetufundisha gwaride alikuwa askari mstaafu, mzaliwa wa upande wa Bungoma, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata kwenye jua, na ambaye R na L hubadilishana kinywani mwake. Sisi wote tulimwita afande. Yeye hakuwa na habari na miujiza. Jumamosi ya kwanza alinisimamisha mbele ya kikosi, akanieleza kazi yangu kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko.

"Sikiza, kamanda. Amri iko na nusu mbiri. Ya kwanza inaamsha, ya piri inafanya. Unasema 'kikosi', wanajua kuna kitu inakuja. Unasema 'simama', mguu wa kushoto ukikanyaga, wanasimama. Kati hapo hakuna mtu anafanya kitu. Mwenye atakisia, ataluka chura mpaka jioni." Akawageukia wadogo. "Mmesikia? Neno ya mwisho isipotoka, hakuna kusimama!"

"Ndiyo, afande!"

Sasa tazama mtego wenyewe. Neno la kutembea, tembea, halianzi na S. Hilo lilinitoka kama maji. Ningeweza kuwatuma watoto wale mpaka mji wa Kwanza bila shida yoyote. Neno la kuwasimamisha ndilo lilikuwa simama, na amri haina jina la pili. Nilijaribu kusema "kikosi, tulia". Hakuna aliyetulia. Nikajaribu "acheni". Afande akacheka mpaka akashika magoti.

Jumamosi hiyohiyo nilisema mbele tembea, na wakaenda, mistari mitatu ya watoto wenye mashati ya kaki, kuelekea mwisho wa uwanja wa kanisa ambako kuna ua wa kayaba. Anayejua kayaba anajua miiba yake. Nikasema "kikosi". Likatoka safi. Nikafungua mdomo kwa lile la pili na mlango ukafungwa. Nilisukuma. Shingo ilikaza, machozi yakanijaa, na watoto wakawa wanakanyaga, kushoto, kulia, kushoto, mikono ikipaa sawasawa, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Mstari wa mbele uliingia kwenye kayaba ukiwa umenyooka.

Wa kwanza kuingia alikuwa msichana mdogo wa gredi ya tano, yule wa pembe ya kulia ambaye wengine wote hufuata hatua zake. Nilimkuta anajichomoa miiba kwenye mkono, damu kidogo, hajalia.

"Mbona..." nikaanza, na sikuweza kuendelea.

Alingoja. Alinitazama usoni, mkono wake ukiwa hewani na mwiba ndani yake, akangoja mpaka nikafika mwisho: mbona hamkusimama?

"Si hukusema," akajibu.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Watu wengine nikikwama hucheka au hunimalizia, na mambo yanaendelea. Hawa hawakuwa na ruhusa ya kukisia. Nikinyamaza wanaumia. Niliwachukia kidogo kwa utii wao, nawaambia ukweli, na nikamchukia mchungaji zaidi, pamoja na mikono yake mizito.

Nilimwendea afande kuomba filimbi. Nilikuwa nimeandaa maneno yasiyoanza na S hata moja.

"Filimbi ni ya lefa," akasema. "Wewe uko na mdomo."

Basi kila alfajiri nilianza kwenda nyuma ya nyumba, kwenye shamba letu dogo la mahindi, kuyaamrisha. Na hapo ndipo unaona uonevu wa ugonjwa huu. Mbele ya mahindi sina kigugumizi. Kikosi, simama! Simama! Simama! Jirani aliyekuwa akikamua ng'ombe ng'ambo ya ua akaniuliza kwa sauti kubwa ni nani huyo anayekataa kusimama. Nilirudi ndani, na mlango ukajifunga tena kwa sababu sasa mahindi yalikuwa na masikio.

Siku ya gwaride tulipanda basi la shule lililokodishwa na kanisa. Mama hakuja, alisema atabaki akifunga na kuomba, na nilipomtazama pale getini nilitamani aje tu, ale, aache kuomba. Mchungaji alikaa kiti cha mbele akiimba. Tulisimama njiani, Misikhu, wadogo wajisaidie, na waliporudi ndani, mama mmoja muuza ndizi akanikaribia dirishani.

"Niaje, mkubwa. Mnaenda wapi na hii jeshi?"

"Tunaenda ku... ku..."

"Kuimba?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuzika? Pole sana, mayi, binti yangu. Nani ameenda?"

Mchungaji alikuwa tayari amefungua mdomo kunisaidia. Nyuma yangu basi lilikuwa kimya. Niligeuka nikaona kadeti wangu wote wananitazama, ndizi mikononi, bila kutafuna. Hakuna aliyesema gwaride, ingawa wote walijua. Afande alikuwa amewafundisha vizuri mno. Nikasema, "Kucheza gwaride." Ilichukua muda wake. Yule mama akaniongezea ndizi moja, sijui kwa furaha au kwa huruma.

Uwanja wa Bungoma ulikuwa na tope pembeni, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Wageni walikaa chini ya hema. Kila kikosi kilitakiwa kupita, kisha kusimama mbele ya hema, pale palipochorwa mstari kwa chokaa. Kupita mstari, hatua chache mbele, ulikuwepo mtaro wa maji machafu. Niliuona mtaro ule kabla sijaona kitu kingine chochote. Nilimwonyesha afande kwa kidole.

"Nimeuona," akasema. "Usiwapeleke huko."

Zamu yetu ilipofika niliwatuma. Mbele tembea ilitoka kwa sauti iliyowafanya watu kwenye hema wainue vichwa. Walitembea vizuri kuliko siku yoyote, na mimi kando yao. Mstari wa chokaa ukaja. "Kikosi!" nikasema.

Mlango ukafungwa.

Mguu wa kushoto ulikanyaga, ukapita. Mwingine ukapita. Tulivuka chokaa. Niliona mtaro, maji yake ya kijani, na viatu ambavyo mama zao walikuwa wamevipaka rangi tangu alfajiri. Nikajisemea ndani, kwa tusi ambalo sitaliandika hapa, kwamba sasa nawazamisha.

Halafu nikaona jambo. Yule msichana wa pembe ya kulia alikuwa amefupisha hatua. Hakusimama, kwa maana hakuna aliyemwambia asimame. Alikanyaga kwa mapigo yaleyale, kushoto, kulia, lakini kila hatua ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na wenzake wakamfuata, mpaka kikosi kizima kikawa kinakanyaga karibu palepale, magoti juu, mikono sawasawa, macho mbele. Hakuna aliyenigeukia. Walikuwa wananipa nafasi tu. Sijui nilikaa muda gani mle ndani. Nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza maishani sikuona haja ya kusukuma. Niliacha shingo ilegee.

"Simama!"

Viatu vikagonga chini mara moja. Mtaro ulikuwa hatua mbili mbele ya vidole vyao.

Tulikuwa wa mwisho, au karibu na mwisho. Waamuzi walisema tumevuka mstari na tumebadili hatua bila amri. Afande alitupanga nyuma ya basi, koti lake liking'aa juani.

"Nani aliwaambia mpunguze hatua?"

Kisha msichana wa pembe: "Hakuna, afande. Tulikuwa tunangoja."

Afande alimtazama. Akakohoa, akasema twende tupande basi kabla mvua haijaanza. Hakuna aliyerushwa chura.

Lakini mchungaji, aliyekuwa kwenye hema, hakuona hatua wala mtaro. Alisikia neno moja likitoka kinywani mwangu bila mkwaruzo, na hilo lilimtosha. Kufikia Jumapili, Kibomet yote ilikuwa na habari. Niliitwa mbele kutoa ushuhuda. Mama alikuwa kiti cha pili, kitambaa chake kipya kichwani, tayari analia. Kadeti walikaa chini kwenye mikeka, mbele kabisa, na kaki zao.

Nilishika maikrofoni. Nilitaka kueleza kuhusu hatua fupi.

"Bwana asifiwe," mchungaji akanisaidia kuanza.

"Amen!"

"Mimi," nikasema. "Mimi si... si..."

Maikrofoni ilivuta pumzi yangu ikaitupa kanisa zima. Mchungaji akaniwekea mkono begani, akanyanyua wa pili juu.

"Si yule wa zamani!" akamalizia. "Amepona!"

Kanisa lilisimama. Makofi, vigelegele, mtu akapiga ngoma. Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili na uso wake ulikuwa unang'aa, na nilijua kwamba nikinyamaza tu, dakika ile, nitakuwa nimepona mpaka nife, na sitaruhusiwa kukwama tena mbele ya mtu yeyote, hata yeye.

Nikatazama chini. Kadeti hawakuwa wamepiga makofi. Walikuwa wamekaa wima, mikono magotini, wananitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza sentensi na sikuwa nimeimaliza. Msichana wa pembe alikuwa anakanyaga visigino vyake mkekani polepole, kushoto, kulia.

Nililegeza shingo. Nilingoja makofi yaishe, kisha nikatafuta macho ya mama.

"Sijapona," nikasema. "Ningojeeni tu."