Alama Nyeupe Kwenye Dramu za Kaka

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo.

Ulimwona kaka yangu jukwaani, mkono mmoja unapiga dramu, mwingine umeziba sikio la kushoto, uso umekunjamana. Ukasema, "Jamaa kazama kwenye muziki!" Ukapiga makofi.

Hakuwa amezama. Alikuwa anaumia.

Spika kubwa ilikuwa imewekwa pembeni mwa sikio lake. Kila onyesho aliomba isogezwe, na kila onyesho kiongozi wa bendi, tuliyemwita Kofia kwa sababu haivui hata akilala, alimjibu vilevile.

"Mpiga dramu gani anaogopa kelele? Kalee watoto!"

Wenzake wakacheka. Na wewe ukacheka.

Sikio lilipokufa kabisa, Kofia akamfukuza kwenye bendi. Kaka akaomba basi apewe dramu zake, zile alizoachiwa na marehemu baba.

"Dramu ni za bendi," Kofia akasema, akatia kufuli stoo.

Mimi nilibaki kwenye bendi ileile. Ndiyo, mimi, mdogo wake wa kike. Mama alininunia. Kaka alikuwa akiniona anageuza lile sikio bovu upande wangu, ili nisimsemeshe.

Niliwaacha waniite msaliti.

Kazi yangu ilikuwa kutuni dramu zilezile za baba, kuziweka sauti. Bendi yetu ilipiga kila kitu, na kila muziki una matakwa yake. Rege inataka dramu kubwa ilegezwe mpaka uisikie tumboni. Jazi inataka ngozi ikazwe, iimbe. Wimbo wa taratibu unataka mlio ukae kidogo hewani kabla haujafa. Nilizunguka na ufunguo wangu wa skrubu shingoni, nakaza hapa, nalegeza pale, sikio langu karibu na ngozi.

Siku moja nikamsogelea Kofia na sauti ya asali.

"Bosi, kwa nini unitegemee mimi? Tupake alama nyeupe kwenye skrubu. Alama hii ya rege, ile ya jazi. Mtu yeyote atazungusha tu mpaka kwenye alama."

Macho yakamng'aa. "Wewe binti una akili!"

Tukapaka. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Wiki haikuisha, Kofia akaniambia, "Dada, asante, pumzika nyumbani. Alama zinatosha."

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Moyoni nilikuwa nacheza.

Kwa sababu nilimjua Kofia. Mpenda kung'aa. Likija onyesho kubwa lenye kamera, lazima abadilishe ngozi za dramu, aweke mpya zinazometameta.

Na alama ile ilikuwa ya ngozi kuukuu, iliyokwisha kuvutika. Ngozi mpya haijui habari za rangi. Skrubu inafika palepale, sauti inakwenda kwingine.

Onyesho likaja. Ukumbi umefurika, kamera kila kona, na dramu zinawaka kama sahani za harusi. Nikakaa mstari wa mbele, ufunguo shingoni.

Wimbo wa kwanza, rege. Dramu kubwa ikalia *ko! ko!* kama ndoo ya kufulia.

Watu wakaguna.

Wakazungusha mpaka kwenye alama ya jazi. Ikawa balaa. Miluzi ikaanza. "Rudisheni ndoo bafuni!" mmoja akapaza sauti, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kofia akainama kwangu, jasho linamchuruzika. "Mdogo wangu, panda. Nisitiri."

"Si una alama?"

"Nakuomba, dada."

"Sema kwanza kwenye maiki. Dramu ni za nani, na sikio la mwenyewe liliuliwa na nani."

Alinitazama kama ananitafuna. Miluzi ikazidi. Akashika maiki.

"Dramu hizi... ni za yule mpiga dramu wetu wa zamani. Na ile spika... aliniomba niisogeze. Nilikataa."



Nikapanda. Wakanipigia makofi. Nikatoa ufunguo, nikafungua stendi ya kwanza, nikaibeba dramu kwapani.

"Unafanya nini?" Kofia akaropoka.

"Natuni. Huu ndio mtindo wa kurudi nyumbani."

Kaka alikuwa mlangoni na mkokoteni. Nilikuwa nimemwachia ujumbe kwa mama: aje, asiniulize kitu. Alikuwa amegeuzia jukwaa sikio lake zima, na amesikia kila neno. Tulizitoa zote, moja moja, na hakuna aliyethubutu kutugusa.

Unadhani nimemaliza? Kofia ana dramu nyingine sasa. Ana mpiga dramu mpya, binti mdogo. Spika iko palepale, kushoto.

Nimeiona kwenye video uliyoirusha wewe. Binti ameziba sikio, na wewe umeandika, "Kazama kwenye muziki!"

Usiniandikie pole hapa chini. Leo wanapiga tena. Nenda. Ukimwona anaziba sikio, acha makofi, panda jukwaani, isogeze ile spika kwa mikono yako.

Inuka.